Njia ya Kumwona Baba

4 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Mimi sijambo, ila mikono imebabuka kwa sabuni za hoteli. Naandika kwa sababu kupiga simu kumekuwa kazi. Huku dobi tunaziacha simu kabatini mpaka zamu iishe, na nikipata mwanya nikipiga, unaniambia Baba amepumzika. Mwezi mzima Baba anapumzika, Dada! Mtu ambaye hata akiwa na homa alikuwa hakai chini.

Basi mwenzangu anayerudi likizo nimempa kamera ndogo akuletee. Imeshatumika, na waliokuwa wakiitengeneza walifunga huduma yao, kwa hiyo haina programu ya simu kama kamera za siku hizi. Nikitaka kuiona lazima nije moja kwa moja mpaka kwenye ruta ya hapo nyumbani, kile kisanduku cha mtandao, na ruta iniruhusu.

Iko hivi. Ruta ni bawabu wa jengo. Ukiwa nje, nyumba nzima ina anwani moja tu. Nikibisha, bawabu hajui namtaka nani, simu yako, laptopu au kamera, kwa hiyo ananifukuza. Inabidi umwachie maagizo: atakayekuja mlango namba 8080, mpeleke kwa kamera. Mlango huo ndio wanauita poti.

Iweke kamera sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Ipe anwani isiyobadilika, 192.168.1.20, bawabu asije akampeleka mgeni chumba cha watu. Kisha kwenye laptopu andika 192.168.1.1, ingia kwa jina na neno la siri vilivyobandikwa chini ya ruta, utafute ukurasa wa kuelekeza poti. Poti ya nje 8080, anwani ya ndani hiyo ya kamera, poti ya ndani 80. Hifadhi. Neno la siri la kamera yenyewe ni 1234, liache hivyo hivyo lisije likatusumbua.

Kamera ina spika pia. Nikibonyeza kitufe huku, Baba atanisikia huko. Nataka tu kumwona.

Mdogo wako,
Kijiti


12 Machi

Mdogo wangu Kijiti,

Kamera imefika, na mwenzako ni muungwana, hata maji aliyanywa amesimama. Nimeiweka ulipotaka. Ukiwa humu ndani inaonekana vizuri kwenye simu yangu. Najiona kisogo nikishona. Sikujua nimepinda mgongo kiasi hiki.

Ila bawabu wako amenishinda. Ile karatasi chini ya ruta nimeisugua kwa kitambaa cha maji miaka yote hii, maandishi yamefutika. Si wewe uliyekuwa ukisema mimi mchafu? Haya, usafi umetuponza. Nina sare za shule za kushona na muhula unakaribia kufunguliwa, kwa hiyo vumilia kidogo.

Baba mzima. Anakula, analala. Anakusalimu sana, anasema ufanye kazi kwa bidii na uvae sweta.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Pole na kazi. La karatasi ni dogo. Nyuma ya ruta kuna kitundu. Ingiza sindano (wewe utakosa vyote, sindano hukosi), ubonyeze mpaka taa zote zizimike na kuwaka upya. Itarudi kama ilivyotoka kiwandani, nawe utaingia kwa neno la mwanzo lililoandikwa kwenye kitabu chake.

Lakini niulize kwa heshima. Cherehani yako ya umeme ilikuja na kitabu cha lugha usiyoijua hata herufi zake, ukaiunganisha mwenyewe kwa kutazama picha. Leo ukurasa wenye visanduku vitatu unakushinda?

Kuna mtu wa mtaani kwetu ameniandikia. Anasema alimwona Baba barabarani na shati la kulalia, anauliza njia ya kurudi nyumbani. Baba amekaa mtaa ule tangu mimi sijazaliwa. Dada, njia ya mwongo ni fupi. Kama umechoka, sema. Kama unamwacha peke yake, sema pia.

Kijiti


28 Machi

Kijiti,

Sindano nimeitumia. Mtandao ukakatika nyumba nzima. Nikakaa na simu ya kampuni sikioni, muziki ule ule, mpaka naweza kuuimba. Alipopatikana kijana wao wa huduma akaniambia hata nikijaza visanduku mpaka kesho, kazi bure. Anwani yetu ya nje tulikuwa tunagawana na nyumba nyingine nyingi, kwa hiyo wewe ukibisha unabisha kwenye geti la mtaa mzima, kwetu hufiki. Nimeomba tupewe yetu wenyewe, wamekubali. Nimekuandikia anwani hiyo nyuma ya karatasi.

Na huyo aliyekuandikia, alimshika Baba mkono akamrudisha? Maana aliyemrudisha ni mimi, cherehani nikaiacha inawaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Ndiyo, Baba anasahau. Anasahau alipoweka miwani, anasahau kama amekula. Ni uzee. Usiniite mwongo tena.

Anakusalimu.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Nisamehe kwa maneno yangu. Umbali huu unamfanya mtu awe hakimu, na kesi yenyewe haijui.

Lakini sikiliza. Jumapili nilijaribu anwani uliyonipa. Mlango 8080 ulikuwa wazi! Ukurasa wa kamera ulikuja, ukaniomba neno la siri. Kabla sijamaliza kuandika, ukapotea. Tangu hapo nimejaribu kila nikitoka zamu, na umefungwa. Ruta inajibu, mlango haufunguki. Hiyo si hitilafu. Kuna mtu aliyekaa kwenye laptopu akaandika maagizo, kisha akayafuta. Na hapo nyumbani mko wawili, na mmoja wenu hajui hata kuiwasha laptopu.

Unanificha nini?

Kijiti


9 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Aliyefunga ni mimi. Jumapili niliufungua mlango wako kama ulivyonielekeza, nikaiona taa ya kamera inameta. Nikafuta.

Baba hakujui tena. Sisemi amelisahau jina lako tu. Aliniuliza ile picha yako ya ukutani ni ya nani, nikamwambia ni mwanao. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayetaniwa na mgeni. "Mimi sina mtoto wa kiume, mama." Mimi mwenyewe ndivyo anavyoniita, mama, siku nyingine fundi. Salamu zote nilizokuletea tangu mwaka jana nilizishona mwenyewe. Ile ya sweta pia. Niliogopa ubonyeze hicho kitufe chako useme "Baba, ni mimi," akujibu kama alivyoijibu picha.

Lakini jana limetokea jambo. Nilikuwa nimefungua ukurasa wa ruta, nautazama tu, siufanyi kitu. Baba akaja akasimama nyuma yangu.

"Unafanya nini, mama?"

Nikamwambia kuna mtu yuko nje anatutaka, na hiki kidude hakijui kimpeleke wapi.

Akavuta kiti. "Ah! Swichibodi."

Unajua Baba alikula umri wake kwenye kituo cha simu, akiunganisha watu. Wewe hukumbuki sana, ulikuwa mdogo alipostaafu. Mimi nilimwona. Na jana nilimwona tena, Kijiti. Mgongo ulinyooka.

"Laini ya nje ipi?"

"8080."

"Ndani inakwenda wapi?"

Nikamsomea anwani ya kamera.

"Chomeka basi, mtu anasubiri."

Nikajaza visanduku. Kwenye kitufe cha kuhifadhi nikasita. Akanyoosha kidole akabonyeza yeye. "Usimwache mtu hewani," akaniambia. "Huwezi kujua amebeba habari gani."

Basi uko wazi, na aliyeufungua ni yeye. Njoo.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Nimemwona. Amekonda shingo. Lile shati la mistari ni wewe uliyelipunguza mabega?

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, mashuka machafu pembeni, nikabonyeza kitufe. "Baba." Akageuza kichwa akitafuta sauti inakotoka. "Baba, ni mimi, Kijiti."

"Kituo cha simu, habari za mchana," akasema. "Nikuunganishe na nani?"

Nikasema nataka kuongea na baba yangu.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapo hapo."

Akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Haipokelewi," akasema. Kisha, kwa upole ambao sikumbuki kuusikia kwake utotoni, "Usikate. Wazee hukawia kuifikia simu."

Sikukata. Tulikaa hivyo mpaka betri yangu ikaisha.

Sina kinyongo nawe. Ningekuwa mimi ningezishona salamu hizo hizo, na mshono wangu ungefumuka mapema zaidi.

Kijiti


20 Aprili

Kijiti,

Kila mchana anakaa mbele ya kabati anakusubiri. Hajui ni wewe, anajua tu kuna mtu atapiga. Hata kunyoa ananyoa. Nakushukuru kwa hilo.

Ila naomba kitu kimoja. Usiniamrishe kutoka juu ya kabati la vyombo. Jana uliniambia chakula cha Baba kimepoa. Juzi ukaniambia nimfunge kifungo. Nimemlea mzee huyu tangu Mama atutoke, na sasa kabati linanifundisha! Nusura nikutupie mkasi.

Dada yako


30 Aprili

Kijiti,

Baba yuko salama. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa na pumzi.

Juzi mchana nilipeleka sare shuleni, kwenda na kurudi. Nilimwacha kwenye kiti chake, geti limefungwa, ufunguo umening'inia msumarini nyuma ya mlango kama siku zote. Na saa yako ya kuongea naye ilikuwa imekaribia, nikajua hatakuwa mpweke. Niliporudi geti lilikuwa wazi. Kutoka ukumbini nikasikia sauti ya mwanamume sebuleni. Nikapumua, nikajua ni wewe. Nikaingia. Kiti kitupu.

Sauti ikasema, "Na wewe mama ni nani? Mzee tumemtuma kazini." Ikacheka, na nyuma yake wengine wakacheka. Haikuwa sauti yako.

Niling'oa waya nikatoka mbio bila hata kufunga mlango. Tulimtafuta, mimi na majirani, mpaka jua likaelekea kuzama. Tukampata kwenye duka la magodoro. Pale ndipo kilipokuwa kituo cha simu, kabla hakijavunjwa. Mwenye duka alikuwa amemkalisha kwenye godoro lililowekwa kuvutia wateja. Kandambili moja tu, mguu wa pili unatoka damu.

"Nimepigiwa simu kuwa laini imekatika," Baba akaniambia. "Lakini mitambo wameihamishia wapi?"

Nilimpigia yule kijana wa kampuni nikamweleza. Akauliza swali moja, neno la siri la kamera ni lipi. Nikamwambia. Akasema poti ukishaifungua hujamfungulia ndugu yako peke yake, umemfungulia yeyote anayepita. Na wapo watu kazi yao ni kuzunguka mtandaoni wakisukuma milango, na 1234 ndiyo ufunguo wa kwanza wanaoujaribu.

Nimefuta maagizo yote kwenye ruta. Kamera nimeitia ndani ya soksi, nikaifungia kabatini.

Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo, itapita. Baba anauliza mbona hakuna anayepiga.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kurudi kazini. Ni mimi niliyekuambia liache hivyo hivyo lisije likatusumbua. Yale maneno nayasikia kila mashine inapozunguka.

Ningeweza kukuandikia namna ya kulifanya jambo hili vizuri, kwa neno la siri refu na njia iliyofungwa ambayo wapita njia hawaioni. Nilianza kuandika. Nikafuta.

Kuna jambo sikukuambia. Wiki zile nilipokuwa natazama, Baba alikuwa akisinzia sana. Akisinzia, kwenye kioo hakuna cha kutazama ila wewe. Nimekuona ukila umesimama. Nimekuona ukivaa viatu vya kutokea, ukamgeukia Baba, ukavivua. Siku moja uliweka kichwa juu ya cherehani nikadhani umepitiwa na usingizi, kumbe mabega yanatikisika. Kitufe cha kusema kilikuwa chini ya kidole changu. Nilizima simu nikarudi kwenye mashuka, na kesho yake nikakuambia chakula kimepoa.

Nimeaga kazini. Mkuu wa dobi amesema hawezi kunishikia nafasi, nikamwambia ampe mwingine. Nafika mwisho wa mwezi huu. Na usijisumbue kumfulia mgeni shuka, anayekuja ni dobi.

Kijiti


14 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika kwa Mama Mdogo salama, kupumzika kama ulivyonilazimisha. Asubuhi ya kwanza niliruka kitandani kwenda kumshika Baba asitoke mlangoni, nikajigonga ukutani, maana mlango wa hapa uko upande mwingine. Mama Mdogo amecheka mpaka akakaa sakafuni. Sasa hivi nalala mpaka jua linaingia chumbani. Natembea bila kuangalia saa. Nimepimwa macho nikapewa miwani, kumbe kitambaa cha bluu nilichoshonea mapazia ya sebuleni kilikuwa cha kijani!

Nina ombi, usinicheke. Ile kamera iliyo kwenye soksi. Kama ungeifungulia mlango kidogo tu, mchana peke yake, na neno la siri refu kama gari moshi. Sitasema neno. Nataka tu kumwona.

Je, ananiulizia?

Dada yako


19 Julai

Dada,

Sikucheki, lakini sitaifungua. Ukimwona utafunga sanduku urudi siku hiyo hiyo, nakujua. Nitakuandikia ninachokiona, hata kisipopendeza.

Kwa jina hakuulizii. Juzi alisema, "Yule mama wa cherehani amehama?" Nikamjibu yuko mapumzikoni. "Afadhali," akasema. "Alikuwa anachoka." Mimi ananiita kijana wa mashuka. Tunayakunja pamoja. Ananirekebisha pembe zisipolingana, na kwa kweli macho yake ni makali kuliko ya mkuu wangu wa dobi.

Jumatano alikataa kuoga akanizaba kofi. Lilikuwa kofi kamili, la mtu mwenye nguvu zake. Nikatoka nikakaa kwenye kizingiti cha nje, nikakuwaza. Baadaye akaja akaketi kando yangu. Alishasahau.

"Kijana, una baba?"

"Ninaye."

"Mnaelewana?"

"Tunajifunza."

Akafikiri. "Mwandikie barua," akasema. "Mtu mzima hupenda kitu cha kushika mkononi."

Basi nikaingia nikachukua karatasi, nikaandika pale pale akinitazama. Ukurasa mmoja. Nilimweleza habari za dobi, mvuke unavyopofusha, jinsi nilivyokuwa nikikaa ngazini kumsikiliza, na kwamba nimerudi. Nikampa. Akaisoma yote kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari, bila kukosea neno.

"Huyu anaandika vizuri," akasema. "Ni mtoto wa nani?"

"Wako."

Alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini, na sitakutungia. Akaikunja barua kufuata mikunjo yake, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Leo asubuhi nilitaka shati hilo nilifue, amekataa kulivua.

Kijiti